Filimbi ya Babu

Juzi mjukuu wangu alirudi na filimbi aliyonunuliwa sikukuu ya Idi, nami nikampokonya kabla hajaipuliza mara ya pili.

Babu yangu alikuwa askari wa Wajerumani, na filimbi yake ilikaa sandukuni ikinuka karafuu maiti. Alasiri moja niliichukua kwa siri. Uani alikaa Bi Somoe, jirani yetu aliyekimbia vita vya Maji Maji huko kusini, akisuka ukili huku amempakata mdogo wangu mchanga. Nilipopuliza, alijitupa nyuma ya kinu, akamziba mtoto mdomo na pua kwa kiganja.

“Kimya, mwanangu,” alinong’ona. “Wanapita.”

Nilidhani tunacheza kibe, naye kajificha nimtafute.

Mama alikuja mbio, akaubandua mkono ule. “Bi Somoe! Mwachie, anakata roho!”

Mdogo wangu akavuta pumzi, akalia.

Nilipokua ndipo Mama aliponieleza. Kule porini, askari wa Wajerumani walipokuwa wakiitana kwa filimbi na kuua vijiji vizima, Bi Somoe alimziba hivyo binti yake asisikike. Waliojificha wote walipona, isipokuwa yule mtoto.

Mama hakujua, wala sikumwambia mpaka anazikwa, kwamba siku ile niliona mchezo umenoga, nikapuliza tena.