Kathini wa Ndengu, Mara Kumi na Moja

Kavata anauza ndengu na mbaazi katika soko la Emali, na juu ya magunia yake kuna spika ndogo nyekundu inayoimba kutwa nzima. Nyimbo azipendazo ni nyingi, lakini mmoja anaupenda kuzidi zote: "Kathini wa Ndengu", wimbo wa Kikamba uliorekodiwa na bendi moja ya Kasikeu wakati yeye yuko darasa la sita. Unamsifu mwanamke anayeamka kabla ya ndege kwenda kuvuna ndengu zake. Ni wimbo wa mbio, gitaa linakimbia na mwimbaji analifuata akihema.

Kinachowashangaza watu ni kwamba Kavata hatosheki na wimbo wenyewe. Anatafuta kila aliyeurudia. Katika simu yake alikuwa na sauti kumi za Kathini: bendi ya harusi iliyoongeza kinanda, kijana anayefanya kazi Qatar aliyejirekodi chumbani na gitaa moja, kina mama wa kanisa fulani la Kasikeu waliouimba polepole, bila ala yoyote, siku ya kina mama. Kuna hata Hibaq, binti wa jirani yake mwenye duka la vitambaa, ambaye Kikamba chake amekiokota hapo sokoni. Hibaq huyatamka maneno kwa lafudhi ya Kisomali, na Kavata husema hakuna anayelitaja jina la Kathini kwa utamu kama yeye.

Mumewe, Kimeu, fundi wa baiskeli, hakuyaelewa mambo hayo.

"Mama Kaveke, wimbo ni ule wa kwanza," alikuwa akimwambia. "Hao wengine wanaiga tu. Ukishakula nyama, ya nini kulamba sufuria?"

"Baba Kaveke, kila mtu anaupika kwa jiko lake. Mimi naonja."

Walibishana hivyo kwa miaka mingi, bila kukasirikiana. Waliucheza wimbo huo siku ya arusi yao, na Kimeu hakutaka mtu auguse.

Mwezi wa saba mwaka jana, dereva wa lori aliyekuja kununua ndengu alisimama akasikiliza, kisha akacheka.

"Huyu anayeimba namjua. Mzee Mulwa. Anashona viatu pale Kambu, karibu na stendi."

Kavata aliacha kupima. Alidhani mtu huyo alishakufa zamani. Jumamosi iliyofuata alimwachia Hibaq kibanda, akajifunga leso mpya, akabeba kilo nne za ndengu na ile spika. Kimeu alisema ana kazi. Lakini Kavata aliposhuka stendi ya Kambu, Kimeu alikuwa naye, amevaa koti.

Mzee Mulwa walimkuta chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, kiatu cha shule kimebanwa magotini. Alizipokea ndengu, akashukuru, lakini Kavata alipotaja wimbo, uso wake ulikunjamana.

"Hiyo maneno iliisha, mama. Hata redio ikiupiga mimi nazima."

"Kwa nini, mzee?"

"Ulinitoka vibaya."

Kimeu alishtuka kama aliyetukanwa. "Vibaya? Mzee, huo ndio wimbo bora Ukambani nzima!"

Mulwa alikiinamia kiatu. Kavata hakumlazimisha. Alimwomba tu aruhusiwe kumchezea sauti za watu waliompenda bila kumjua, akisema ataondoka wakimaliza. Mzee akainua mabega, akaendelea kushona.

Alianza na bendi ya harusi. Mzee alishona. Kijana wa Qatar, akashona. Kwa Hibaq alitabasamu kidogo, akauliza ni mtoto wa nani. Kisha wakaingia kina mama wa kanisa, sauti zao zikitembea taratibu kama watu waliobeba maji kichwani, wakivuta kila neno mpaka liishe. Sindano ikasimama. Mulwa aliweka kiatu chini, akatazama barabara, na wimbo ulipokwisha akasema, "Rudisha."

Kavata akarudisha.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa," mzee alisema. "Kabla ya Nairobi. Kathini ni mama yangu. Alitulea sisi saba kwa ndengu. Nilimtungia wimbo wa kwenda pole, nikafika studio, mwenye studio akaniambia nyimbo za mama haziuzi, piga haraka watu wacheze. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikakubali. Mama alipousikia dukani aliniuliza, 'Sasa mbona unanikimbiza?'"

Kimeu alijishika kichwa.

"Yaani arusini mimi nilimtikisia kiuno mama ya mtu?"

Mulwa alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. Kavata alicheka pia, huku moyo wake umejaa. Alikuwa ameusikiliza wimbo huo miaka zaidi ya thelathini akidhani ni wa mpenzi, na sasa kila mstari ulikuwa umegeuka, ukawa mpya.

"Mzee," alisema, "tuimbie wewe, mwendo ule wa kwanza."

Alikataa, akasema kifua kimeisha. Halafu akaimba. Sauti ilikwaruza, na ubeti wa pili aliusahau, Kimeu akamkumbushia. Mwenye kiatu cha shule alikuja kukichukua, akasubiri mpaka mwisho. Kavata alishika simu kwa mikono miwili akirekodi, na hivyo ndivyo alivyopata Kathini wa kumi na moja.

Kimeu bado anaupenda ule wa mbio, na akiwa peke yake gereji anaupiga kwa sauti ya juu. Lakini ni yeye aliyewatafuta wale kina mama, na mwezi wa kumi na mbili akampeleka Mulwa Kasikeu Jumapili asubuhi. Walimketisha kiti cha mbele, wakamwimbia. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasimama, akawashukuru mmoja mmoja kwa mkono, akawaomba warudie tena.

"Na ubeti wa mwisho," aliwaambia, "pumzikeni katikati. Hapo mama alikuwa ananyoosha mgongo."