Mhakiki Akivua Viatu

Mhakiki akivua viatu, ujue mchezo wa video umefika kwa mwenyewe. Miaka ishirini mama huyu aliandika gazetini upi unafaa na upi ni takataka, akabonyeza vitufe mpaka kidole gumba cha kushoto kikaota sugu kama kisigino. Siku hizi anawekeza katika michezo hiyohiyo, na akicheza bado anakunja vidole vya miguu vilevile. Basi wakaja mke na mume na mchezo wao, umekwisha kukataliwa na wawekezaji sita. Akiukataa na yeye, ofisi yao inafungwa Ijumaa. Akavua viatu, akacheza, akatumbukia shimoni. Mara ya pili, shimoni. Mara ya tisa, shimoni! Wabia wake wawili wakaanza kukusanya makaratasi.

“Dada, bonyeza ile ya…” mume akashindwa kuvumilia.

“Nyamaza, shemeji! Msomaji wangu alikuwa na fundi sebuleni wa kumnong’oneza?”

Jasho likamtoka bwana wa watu. Mara ya kumi na mbili mhakiki akaruka shimo, na mwenyewe akaruka kutoka kitini, akapiga kelele jengo zima likasikia.

“Nimeanguka mara kumi na moja na sijanuna hata mara moja! Huu ndio mchezo! Leteni kalamu!”

Akasaini pekupeku. Mke na mume wakakumbatiana, nusura wamwangushe mbia mmoja aliyekuwa ananyemelea rimoti ya kuchezea.

“Hebu nami nijaribu kidogo.”

“Vua viatu kwanza,” mhakiki akamwambia, naye bwana mkubwa, na tai yake shingoni, akainama kufungua kamba.