Ng'ombe wa Mzee Adano Kwenye Kompyuta

Mwaka wa 1999 Darmi, binti wa mfugaji wa Kiorma, alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya misaada pale Garsen. Siku moja alipakua kutoka kwenye intaneti programu ya bure ya picha za ng'ombe wanono. Kabla ya kufunguka, ilimuuliza jina, kwao, na idadi ya ng'ombe wa babake. Kwao idadi hiyo haitajwi hata kwa shemeji, kwa kuogopa kijicho. Lakini hii si mashine tu? Akajaza ukweli mtupu.

Lo, alijipalia makaa! Kila asubuhi kampuni asiyoijua ilimwamkia kwa jina, ikamtajia kundi zima la babake, ikamtembezea dawa za kupe, kisha ikauliza: sasa wameongezeka wangapi? Akiifuta programu hiyo leo, kesho imerudi kama inzi wa zizini.

Ndipo Mzee Adano, babake, alipokuja kumwona kazini, swali lile likiwa kwenye skrini. Kusoma hakujua.

"Chombo hiki chasema nini, binti yangu?"

Darmi akajibu haraka: "Kinatusalimu tu, Baba."

"Nawe umekaa kimya? Sikukulea hivyo. Kiitikie!"