Aliyefichwa na Mama Yangu Sasa Anamfukuza Mdogo Wangu

(Msomaji huyu ameomba tusimtaje, na majina ya watu wake ameyageuza mwenyewe.)

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba. Nawasalimu na wasomaji wote, wa huko nyumbani na wa huku Johannesburg tunaogawana gazeti hili likishushwa kwenye basi limeshakunjika. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, shule niliishia darasa la nne, nikikosea mnisamehe. Hapa Bertrams hatujambo. Mume wangu, baba Zodwa, hajambo. Binti yetu Zodwa hajambo, keshanipita urefu. Mdogo wangu Athumani, anayelala chumba cha uani, hajambo. Mama yetu yuko Morogoro, hajambo ila magoti. Salamu ndiyo hizo. Kilichobaki ni kilio.

Baba Zodwa ni mtu wa hapahapa Afrika Kusini. Alikuja kwetu kijana, mkimbizi, makaburu wanamsaka. Mama yangu akampa chumba, akampa na jina, Saidi, jina la marehemu kaka yake, ili mtu akiuliza aambiwe huyu ni wa kwetu. Majirani walinung'unika kwamba wakimbizi wanatumalizia sukari. Mama akawajibu, "Anakula kwangu. Kwako kimepungua nini?" Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kuoga, mpaka tukaoana. Nchi yake ilipofunguka tukaja wote. Akaniambia, "Jina la Saidi tuliache huku. Kule nina jina nililopewa na baba yangu." Nikaliacha.

Akapata kazi kiwanda cha mashati. Mwaka jana kiwanda kimefungwa, wanasema mashati ya nje ni rahisi mno. Tangu hapo mwenzangu amekuwa pilipili. Anashinda nyumbani, huku Athumani anatoka asubuhi na mashine yake ya kunyolea, anakwenda kwenye turubai lake karibu na uwanja wa mpira, jioni anarudi na mkate na nyama. Baba Zodwa anaula huo mkate, lakini unaona kabisa haumshuki.

Ikaja habari kwamba Tanzania imejitoa kwenye ule umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini. Mimi mambo hayo siyajui. Pale kwenye turubai walibishana mpaka mapovu. Fundi cherehani mmoja wa Kongo akamwambia Athumani, "Munajitenga na sisi, kisha munakuja kutunyoa!" Athumani akamjibu, "Tulia hapo nisije nikajitenga na sikio lako." Wakacheka. Kwangu hakuna aliyecheka. Baba Zodwa alisema mezani, "Umeona? Nchi yenu yenyewe imefunga mlango ili viwanda vyake visife. Sisi tukifunga, mnatuita wabaya." Athumani akasema, "Shemeji, kule wamezuia mizigo. Hawakumtoa mtu kitandani." Mume wangu akasukuma sahani akaondoka.

Haukupita muda watu wa mtaa wakamchagua baba Zodwa awe mwenyekiti wa kamati yao. Wakakutana ukumbini, nami nikiwamo, wakaamua kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi watapita uani kwa uani, wageni wote watoke, maana ndio wanaokula kazi. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Eish, mwenyekiti, tuanzie kwako! Kwerekwere wako unamfuga wa nini?" Ndilo tusi lao kwetu sisi wageni. Ukumbi mzima ukacheka. Mume wangu akasema, "Wa kwangu atatoka wa kwanza."

Wenzangu, sijui miguu ilinisimamishaje. Nikaita, "Saidi!" Akageuka kabla hajajizuia. Kwa Kizulu changu cha kuungaunga nikawaeleza wote jina hilo kapewa na nani, alilala wapi, alikula cha nani. Halafu mtu wa nyuma akaanza, "Saidi! Saidi!" na wengine wakadakia. Walimwita hivyo mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kubwa, na sasa hata watoto wa dukani, pale spaza, wakimwona wanamwita Saidi kisha wanakimbia.

Chakula changu hakigusi tena. Ameniambia, "Umenivua nguo mbele za watu, nawe ndiye utakayenivisha." Anataka siku hiyo ya Jumapili nisimame palepale, niseme nilisema uongo, niombe radhi. Na Athumani nimwambie mimi mwenyewe afungashe. Nikikataa, nifuatane naye. Zodwa anakisikia Kiswahili lakini hakijibu, alinijia na Kizulu chake, "Mama, shuleni wananicheka. Ungenyamaza ungepungukiwa nini?" Athumani naye ananiambia, "Dada, usivunje nyumba kwa ajili yangu. Nitabanana na wenzangu Hillbrow." Mimi najua huko Hillbrow nako wanapigwa.

Juzi mama akapiga simu, akaipokea baba Zodwa. Mama kwenye simu hupiga kelele, nilimsikia nikiwa jikoni. "Saidi mwanangu! Ahsante kwa kunitunzia mtoto. Chumba chako bado nakifagia, ujue." Mume wangu akasimama wima kama yuko mbele yake. Akasema, kwa Kiswahili ambacho miaka na miaka sijakisikia kinywani mwake, "Shikamoo mama. Athumani yupo hapa, amenenepa." Nikashika sinki. Nikasema moyoni, amerudi.

Akaweka simu. Akakaa. Kisha akaniangalia, akasema, "Jumapili ni ileile."

Ndugu zangu, nikisimama nikasema nilidanganya, nitakuwa nimemkana mama yangu na kile chumba anachokifagia. Nisiposimama, naondoka na Athumani, na Zodwa hatanifuata, ameshaniambia. Nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimempa dereva wa basi barua hii, atarudi na gazeti kabla ya Jumapili hiyo. Tafadhali nijibuni humo, hata kwa maneno mawili. Nitakuwa nimesimama stendi namsubiri.