Bochaberi Alivyokataa Mkono

Mnanichosha. Kila anayepita hapa anataka nimwambie habari ya Bochaberi na yule samaki, kama vile mimi ni redio ya kijiji. Nimeisema kwenye harusi, nimeisema matangani, nimeisema tukipanga foleni ya kupima majani ya chai, na bado mnaibeba mkiipinda. Juzi nimesikia ati samaki alimmeza akamtapika. Uongo mtupu! Basi naiandika mara moja tu. Herufi zikiinama, zisomeni hivyo hivyo zimeinama.

Bochaberi alikuwa Mkisii, na alichuma chai katika shamba kubwa moja hapa Kericho miaka ishirini na mitatu. Mwanamke mrefu, mkavu, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Nyapara akimwambia kikapu chake kina majani mazee, alikuwa anamwaga kikapu chote chini, mbele ya watu, na kumwambia, "Haya, onyesha." Nyapara hakuonyesha hata siku moja.

Alikuwa na binti mmoja tu, Nyabate. Nyabate aliolewa na Omariba, kijana wa kwao Kisii aliyekwenda pwani akajifunza boti, akawa anabeba watalii wa hoteli fulani kwenye kisiwa, kusini ya Mombasa. Sasa mwaka wa tisini na sita, mtu mmoja aliyetoka huko alileta maneno mpaka kwenye laini yetu ya nyumba za wachumaji: Omariba ameharibika. Anashinda na watu walio uchi nusu, anawashika mikono, anawavuta kutoka majini. Hana chinsoni tena.

Chinsoni ni ile heshima ya wakwe. Kwa Wakisii, mwanamume hamgusi mama wa mke wake. Hamkazii macho. Na akimwona hajavaa sawasawa, hata kwa bahati mbaya, wazee wanaitwa, mbuzi anachinjwa, na mbuzi akishaliwa bado watu hawasahau. Sisi Wakipsigis tuna yetu, kwa hivyo mimi sikucheka.

Bochaberi akaomba likizo. "Naenda kuona kwa macho yangu," akasema. "Nikikuta hana heshima, narudi na binti yangu na mjukuu wangu. Nyumba bila heshima ni boma la ng'ombe."

Chepngeno, tuliyekuwa naye ukuta kwa ukuta, akamwuliza, "Na samaki utakula huko?"

"Nitakula."

"Basi ukirudi usinikaribishe chai. Hicho kikombe kitanuka mwaka mzima."

Bochaberi akaenda. Siku tatu alimtazama mkwe wake kama anavyotazamwa mgonjwa wa malaria. Omariba alikula nje. Alimwamkia akiangalia mchanga. Mama mkwe akiingia mlangoni, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma. Vizuri, lakini Bochaberi hakuridhika. Nyumbani kila mtu ni malaika. Alitaka kumwona kazini.

Siku ya nne Nyabate akamwambia, "Mama, papa shilingi wamefika. Ni samaki wakubwa ajabu, wana madoa kama pesa mgongoni. Wageni huogelea nao. Baba mtoto anasema kwa boti kuna nafasi moja."

"Huyo papa anauma?"

"Hana haja na watu, Mama. Anakunywa maji tu na vidudu vyake."

"Ng'ombe pia hula nyasi, na amekanyaga watu wangapi?" Lakini akaenda. Nyabate alibaki ufukweni na mtoto, maana jua lilikuwa kali.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia. Kuna jaketi la kuelea, na lina kamba nyingi. Wageni wanne walifungwa na Omariba mwenyewe. Alipofika kwa mama mkwe, akaliweka lile jaketi juu ya mchanga, akarudi nyuma hatua tano. Bochaberi akalivaa peke yake. Kamba za kifuani alifunga. Za kupita katikati ya miguu alitazama, akaona ni mambo ya aibu, akaziacha zikining'inia. Kosa la pili lilikuwa kuketi. Alikaa kwenye ncha ya mbele kabisa, amempa Omariba mgongo, na Omariba nyuma kwenye injini amekaza macho baharini. Mambo ya boti akawa hayaoni.

Walienda mpaka kisiwa kikawa kama ukucha. Injini ikazimwa. Wageni wakavaa miwani yao na viatu vya bata, wakaingia majini mmoja mmoja, wakaogelea mbali kufuata kivuli. Kwenye boti wakabaki wawili tu, mama mkwe na mkwe.

Kivuli kiligeuka. Bochaberi hakukiona, kwa sababu alikuwa ameangalia upande wa heshima. Samaki akapita chini kwa chini, mkia ukaigonga boti ubavuni, boti ikalala upande, na Bochaberi akarushwa majini kama gunia linalodondoka kutoka kwenye lori.

Maji ya chumvi yakamjaa mdomoni. Akazama, akainuka. Lile jaketi halikufungwa chini, kwa hivyo lilipanda mpaka masikioni, na gauni nalo likapanda. Kuanzia kifuani kwenda chini Bochaberi alikuwa amevaa maji tu.

"Mama!" Omariba alikuwa ameshafika, amelala juu ya ukingo, mkono umenyooka. Ulikuwa karibu. Mtu mwingine angeushika. "Mama, mkono! Shika mkono!"

Bochaberi akautazama ule mkono. Mkubwa, umelowa, vidole vimefunguka. Akakumbuka binti yake. Akakumbuka maneno yaliyofika kwenye laini: anawashika mikono, anawavuta kutoka majini.

"Ondoa!" akasema.

"Mama, utakufa!"

"Geuka! Geuka kwanza, nguo zangu hazipo sawa!"

"Basi naingia nikusukume..."

"Ukiingia maji haya, Omariba, usimwite Nyabate mke wako tena!"

Alimwita jina, jambo ambalo mama mkwe hafanyi kamwe. Hilo pekee lilimtisha Omariba kuliko bahari. Akasimama katikati ya boti, na mawimbi yakaanza kumpeleka mama mkwe. Hatua tatu. Hatua sita. Wageni walikuwa mbali, vichwa vimezama, hawasikii kitu. Kuwasha injini hawezi, watu wako majini.

Akageuka. Mimi nasema hapo ndipo alipokuwa mwanamume, lakini nisiharakishe. Akageuza uso, akachukua kamba ya nanga, akaitupa nyuma juu ya bega bila kuangalia. Ikaanguka mbali.

"Imeanguka kushoto kwangu!" Bochaberi akapiga kelele. "Wewe tupa mkono wa kulia! Karibu nami!"

Akaitupa tena. Ikaanguka usoni pa Bochaberi. Akaipitisha kwapani na kuifunga kifuani, fundo lile lile la mshipi wa kikapu, vidole vinajua kazi hata kichwa kikiwa kimepotea.

"Vuta!"

Omariba akavuta, uso umeelekea kisiwani, kamba juu ya bega. Macho yake yalikuwa mdomo wa mama mkwe.

"Vuta! Ngoja, naingiza maji. Vuta pole pole!"

Ilibaki kama nafasi ya mistari miwili ya chai. Hapo Bochaberi akatazama chini.

Samaki alikuwa amerudi. Alikuja chini ya miguu yake, mrefu kama lori la majani na trela yake, mdomo wazi kama mlango wa kiwanda. Mgongoni madoa meupe, mengi, kama mvua ya mawe iliyolala juu ya chai asubuhi. Na alikuwa anapanda. Alikuwa anakuja katikati yake na boti, na ile kamba ilikuwa juu ya njia yake.

Omariba akavuta. Kamba ikagusa ule mgongo.

"Acha!" Bochaberi akasema, lakini sauti haikutoka. Maji yalikuwa yamemkaba. Omariba hakusikia kitu. Akavuta tena, na Bochaberi akahisi anapelekwa moja kwa moja juu ya lile jitu.

"Mama?" Omariba akaita. "Mama!" Shingo yake ikaanza kugeuka. Bochaberi aliiona ikigeuka. Akakohoa chumvi yote nje.

"Usigeuke! Legeza!"

Omariba akalegeza. Kamba ikalala juu ya maji. Bochaberi akakunja miguu mpaka kifuani, akatulia kama jani. Samaki akapita. Nyayo zake zikagusa mgongo, ukakwaruza kama msasa, ukapita, ukapita, ukapita, akafikiri hauna mwisho. Kisha mkia. Maji yakamzungusha mara mbili.

"Sasa," akasema. "Vuta sasa, na usisimame."

Kwenye ubavu wa boti kulikuwa na ngazi. Alipanda mwenyewe, ngazi kwa ngazi. Akalishusha gauni. Akakamua maji. Akakaa.

"Washa gari lako," akasema.

Omariba aliita wageni, akawapandisha mmoja mmoja kwa mkono, kama kazi yake ilivyo. Bochaberi aliwaangalia mpaka wa mwisho akakaa.

Walipofika ufukweni Nyabate akaja mbio, mtoto mgongoni. "Mama, umelowa! Nani amekutoa?"

"Kamba," Bochaberi akasema. Nyuma ya boti walisikia Omariba anatapika, mwanamume mzima, anatapika hofu yote ya siku hiyo. Nyabate akataka kwenda. Mama yake akamzuia. "Mwache amalize. Halafu umpelekee maji safi. Mimi narudi Kericho peke yangu. Wewe kaa na mume wako."

Siku hizi vijana wananicheka. Wanasema huo ni ujinga, mtu kufa kwa sababu ya mkono. Bochaberi aliwahi kuwajibu: "Aliyekuwa anakufa ni mimi, nyinyi mlikuwa wapi?" Mimi siongezi juu ya hapo.

Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa hutoki bure. Mwite mume wako au mwanao, mwambie ni yeye yuko kwenye boti, mama mkwe yuko majini na anasema geuka. Mwulize atafanya nini, halafu uniletee jibu lake laini ya nne, kwa miguu yako mwenyewe. "Itategemea" sipokei.