Pete Iliyogoma Kidoleni

"Siumwi mimi, bibi. Kichwa hakiniumi, nakula, natembea. Nikalale wodini mwezi mzima kwa sababu ya ule mpira wanaofunga mkononi?"

Ndivyo nilivyomjibu bibi yangu leo mchana. Mimba yangu ni ya miezi minane. Wiki iliyopita nesi wa hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi, alinipima, akasema presha imepanda, nilazwe. Nikamwambia nakwenda kuchukua nguo, kumbe nakuja zangu Newala. Nina darasa la kufundisha.

Bibi hakubishana. Aliendelea kubangua korosho.

"Mwanangu, mdogo wangu Somoe alisema hivyohivyo. Bado namwona siku ile tunapandisha maji kutoka bondeni, tumbo kama lako. Bangili zake za shaba zilimbana, mimi nikazipaka mafuta ya ufuta nikazisukuma juu. Nikamtania, mumeo anakulisha nini? Uso ulijaa, kila mtu akamsifu kanenepa, kapendeza. Baadaye akasema kichwa kinagonga, anaona vimulimuli mchana. Nikamwambia, uvivu huo, beba mtungi."

Akaweka korosho chini.

"Kesho yake akaanguka, akatetemeka mwili mzima. Wakamchezea ngoma ya mashetani. Ngoma haijaisha, tukamzika na mtoto wake tumboni. Vua pete yako."

Nikavuta. Nikapaka sabuni, nikavuta tena mpaka kidole kikawaka. Haikutoka.

"Pasaka pete hii ilikuwaje?" bibi akauliza.

"Ilinipwaya, bibi."

Akanishika mkono wenye povu, akaubakiza mapajani mwake.

"Basi usingoje kuumwa, mwanangu. Somoe naye alianza bila kuumwa. Nesi anakiona kwa mpira wake kitu ambacho mimi nilikipaka mafuta. Apime kila atakapo. Akisema lala, lala. Kichwa kikigonga, macho yakififia, au ukiumwa hapa chini ya mbavu, mwambie saa ileile. Na uzalie hukohuko. Mungu akufunike wewe na huyo. Uniletee nimbebe, mgongo wangu bado una nguvu."

Nilitaka kubisha kuhusu darasa. Nikaona aibu.

Lori la korosho linashuka Masasi alfajiri, na bibi keshazungumza na dereva nikae mbele. Kesho napanda. Watoto watafundishwa na mwingine. Nikifika nitamwomba nesi radhi, aikate hii pete, kisha nimpe mkono aufunge mpira wake.