Usumba wa Bi Tatu

Tulipokuwa watoto Kikwajuni, jirani yetu alikuwa na punda wa kubebea mawe. Siku moja mama kaanika mkeka wa ukindu uani, punda akauanza pembeni, akala taratibu, macho kayafumba kama mwenye kusikiliza taarabu. Mama akatoka na mwiko ampige, akashindwa kwa kicheko. "Kheri kala mkeka," akasema. "Angekula beseni la plastiki leo tungemzika." Punda alikufa kwa uzee, lakini mpaka leo nikiona plastiki humkumbuka.

Na plastiki ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mwanangu Salma hufua mashuka ya hoteli moja Mji Mkongwe, na kila mgeni akiondoka huona kandambili za plastiki zikitupwa. Akabuni zake: soli ya usumba, ule uzi wa makumbi ya nazi, na kanda za ukindu. Msimamizi wa hoteli akasema alete pea ya mfano. Ila usumba wa sokoni ulikuwa ukichoma nyayo.

"Baba, nenda Bwejuu kwa mama mdogo," akanambia. "Wake laini. Wakizikubali, mashuka n'shaagana nayo."

Asubuhi nikapanda gari. Kufika Jozani kivuli cha miti kikaniingia machoni nikasinzia, nikamwota punda yule anatembea juu ya maji, anatafuna, na bahari inapungua. Nilipoamka kweli maji yalikuwa yametoka, pwani nyeupe mpaka kwenye mwamba, na kwa mbali wanawake wanapiga makumbi kwa magongo, tup, tup.

Bi Tatu ni mdogo wake marehemu mke wangu. Aliponiona akashika kiuno.

"Shemeji! Umekuja kula au umekuja kufia kwangu?"

"Nimekuja kuomba usumba."

"Basi kula kwanza, usije ukanifia na njaa nikasingiziwa."

Baada ya adhuhuri tukateremka pwani. Makumbi hufukiwa mchangani, kule maji yanakojaa na kupwa, hata miezi mingi, mpaka yalainike. Juu hupangwa mawe, na kila mwanamke anayajua yake. Bi Tatu akayaondoa, akachimba. Harufu ikapanda, nikaziba pua.

"Yananuka, shemeji."

"Hata weye ungefukiwa ungenuka. Yakianikwa hutoka."

Akapiga, akachambua, usumba ukawa kama nywele za mtoto. Kabla ya kunipa akaushikilia.

"Nna sharti. Vanishi msitie. Kuna mtu alinunua kamba zangu akazichovya, moja ikarudi na maji hapahapa. Haijaoza, kaa kanasa ndani. Nilimnasua kwa kisu nikimwomba radhi. Zikichakaa, zitupwe migombani zioze. Niahidi."

Nikamwahidi.

Alasiri nikarudi na gunia mapajani. Abiria mmoja akanusa akauliza, "Mzee, umeihamisha pwani?" Nikamwambia ndiyo, naipeleka mjini ikatembee.

Salma alipomaliza kushona, tukaenda hotelini pamoja. Nikavua kandambili zangu mlangoni, za plastiki, sikuwa na nyingine. Msimamizi, kijana mwenye adabu, akaniamkia, akazipapasa zile za Salma, akazinusa.

"Nzuri mno, Bi Salma. Ila zichovyeni vanishi, zing'are, harufu ife. Mkikubali, naagiza leo leo za vyumba vyote."

Salma akanitazama. "Baba, mama mdogo alisemaje?"

Nikamweleza sharti, na habari ya kaa. Juu feni ikizunguka polepole. Uani mashuka yake yalikuwa yakijaa upepo, yanashuka, yanajaa tena, nami nikahisi kama nyumba nzima inapumua ikimngoja aseme.

"Zikianikwa harufu hutoka," akasema.

"Wageni hawangoji."

Salma akaziweka mbele ya miguu yangu. "Zivae, Baba."

"Mzee, si ndiyo mfano huo?" akauliza msimamizi.

"Ni za babangu," akasema Salma.

Siwadanganyi, bado anafua mashuka, na jioni hushona, na uani kwetu pana pea zinaanikwa, harufu imeanza kutoka. Nilichojifunza miye ndicho alichokijua mama na mwiko wake: kitu kiwe na wa kukila kikishachoka.

Siku ile pale hotelini nikazivaa. Laini, nyayo hazikutoa sauti. Nikapita mlangoni pale zilipokuwa zangu za plastiki, nikaziacha zinatazama barabara. Sikurudi kuzichukua.